Tupeane uzoefu: Kutoa hadi diski na kuweka SSD kwenye iMac na kompyuta nyingine za kipande kimoja

Ndugu wanajamvi, habari za kazi. Ninaomba tupeane uzoefu wa kuweka SSD (diski ya kuhifadhia mafaili isiyo na kitu kinachozunguka) badala ya hadi diski (ile ya zamani inayozunguka) katika kompyuta za kipande kimoja, yaani zile ambazo mashine yote imejificha nyuma ya kioo. Nianze na yangu. Ninapangia kurasa za vitabu kwa iMac ya inchi 21.5 ya mwishoni mwa mwaka 2013. Hadi diski yake ilizunguka mara 5,400 kwa dakika, na ilifikia hatua nikawa ninaiwasha asubuhi, ninakwenda kuchemsha chai, na nikirudi na kikombe mkononi ninakuta bado haijamaliza kuwaka. Prosesa ilikuwa nzima na RAM ilitosha. Iliyonichelewesha ni diski peke yake.

Kubadilisha diski si kazi kubwa, kwa kuwa SSD ya inchi 2.5 inakaa palepale ilipokuwa ya zamani. Kazi ni kuifikia. Kuanzia toleo la mwishoni mwa 2012, kioo cha iMac kimebandikwa kwa gundi ya utepe, hivyo nilipitisha kigurudumu chembamba cha plastiki pembeni na juu, taratibu, huku gundi ikiachia kwa mlio mdogo kama wa karatasi inayochanwa. Kikishaachia msikinyanyue kwa pupa, maana nyuma yake kuna nyaya mbili fupi, wa umeme na wa picha, na ukikivuta kabla ya kuzichomoa unaweza kukata kitu ambacho ni ghali kuliko SSD yenyewe.

Mchangiaji, Arusha

Ahsante mleta mada. Yangu ni ya inchi 27 ya mwaka 2011, ambayo kioo chake cha nje hushikwa na sumaku tu. Nilikivuta kwa vikombe vya mpira, nikafungua skrubu nane za skrini, nikafunga SSD, nikafurahi. Baada ya dakika chache feni ikaanza kuvuma kama pampu ya maji na haikutulia tena. Kumbe katika toleo hilo diski ya asili hupeleka taarifa za joto lake kupitia waya wake wa umeme, na SSD ya kawaida haizipeleki, kwa hiyo mashine ikizikosa inaendesha feni kwa kasi yote ili ijilinde. Nililazimika kuagiza waya wenye sensa ya joto na kufungua upya. Mwenye toleo hilo autafute waya huo kwanza, ndipo ashike bisibisi.

Mchangiaji, Mombasa

Mimi nilipeleka kwa fundi. SSD aliiweka vizuri, lakini kioo alikirudishia kwa utepe wa kawaida wa pande mbili, bila kunieleza. Wiki ya tatu, mchana wa joto, kioo kiliachia upande wa juu, na mume wangu alikidaka kikiwa kinaning'inia kwa nyaya. Tangu hapo ninaomba kuonyeshwa gundi yenyewe, ile iliyokatwa kwa kipimo cha toleo langu, kabla sijaacha mashine.

Mchangiaji, Morogoro

Ya ofisini kwetu inatumia Windows, na mfuniko wake wa nyuma umeshikwa na vibanio vya plastiki. Kunakili ndiko kulikonitesa. Diski ya zamani ilikuwa ya TB 1 yenye mafaili ya GB 310, nami nilinunua SSD ya GB 480 nikiamini inatosha. Programu ya kunakili ilikataa mpaka nilipopunguza ukubwa wa partisheni, yaani eneo la diski lililotengewa mafaili, likaweza kuenea kwenye SSD. Nilifanya hayo yote kwa waya wa USB, mashine ikiwa bado imefungwa, na ninawashauri wenye iMac wafanye vivyo hivyo. Kisha, kabla ya kubandua karatasi ya gundi mpya, kishikizeni kioo kwa utepe wa karatasi, muiwashe mashine na muiache ifanye kazi saa nzima.