Tupeane uzoefu: amplifaya ya mfukoni imekubadilishia nini kwenye hedifoni?

Mwanzilishi wa mada (Malindi)

Assalam aleikum, jamaa wa pwani na kwingineko. Nataka tukusanye hapa tuliyoyasikia kwa masikio yetu wenyewe, tuache yale yaliyoandikwa kwenye maboksi. Wewe unayetumia amplifaya ndogo, ya kuchomekwa kwenye simu au ya kutiwa mfukoni, imekusaidia nini hasa?

Naanza mimi. Kazi ninayoipenda ni kuhamisha kanda za zamani za taarab kwenye kompyuta, hasa zile za arusi zilizorekodiwa na watu wa hapa hapa Malindi. Kanda hizi zina sauti ya chini. Muimbaji yuko mbali, tashkota (kinanda cha nyuzi) iko karibu, dumbak imewafunika wote. Hedifoni zangu ni Beyerdynamic DT 990 Pro za ohmu 250 (ohmu hupima jinsi hedifoni inavyouzuia umeme; zikiwa nyingi, inataka volti zaidi). Nikizichomeka kwenye simu, napandisha sauti mpaka mwisho na bado kunguru walioko nje nawasikia vizuri kuliko fidla.

Sababu yake ni hesabu. Chukua simu inayotoa nusu volti. Kwenye hedifoni za ohmu 32, nusu volti hiyo inakuwa karibu miliwati 8. Kwenye ohmu 250 inabaki miliwati 1. DT 990 Pro kwa miliwati 1 hutoa desibeli 96 (desibeli hupima ukubwa wa sauti), lakini hapo ni muziki uliorekodiwa kwa sauti iliyojaa mpaka juu. Kanda iliyorekodiwa chini kwa desibeli 25 inakuachia kama 71 tu, na feni inazunguka kichwani. Nilipopata amplifaya inayotoa volti 2, ile miliwati 1 ikawa miliwati 16, yaani desibeli 12 zaidi. Sasa nasikia muimbaji anavuta pumzi kabla ya beti, na najua aliyepiga fidla alikaa upande gani. Kwa kazi yangu hilo limenitosha.

Kichochoro_cha_Langoni (Lamu)

Waaleikum salaam. Mimi nitawatetea wanyonge: adapta ndogo. Tangu Apple walipoondoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na makampuni mengine yakafuata, watu wengi wanatembea na amplifaya bila kujua. Kile kikebo kifupi cha USB-C cha Apple kina kigeuza sauti (kinachogeuza namba za simu kuwa sauti) na amplifaya ndani yake, na kule Marekani kinauzwa dola 9.

Ila angalieni maandishi madogo kwenye kebo. Kuna kilichotengenezewa soko la Marekani, namba yake A2049, kinafika karibu volti 1. Cha Ulaya ni A2155, kimebanwa kwenye nusu volti kwa ajili ya kanuni zao za kulinda masikio. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Huku kwetu vitu vinaingia kutoka kila pande, kwa hiyo mzigo mmoja wa duka unaweza kuwa na vyote viwili. Mwenye hedifoni za ohmu nyingi asichukue kabla hajasoma.

La pili, na hili limewakatisha tamaa wengi: kwenye simu kadhaa za Android adapta hiyo inatoa sauti ndogo hata ukipandisha mpaka mwisho, kwa sababu adapta ina kidhibiti sauti chake chenyewe na simu haikipandishi. Dawa yake ni programu ya muziki inayozungumza na USB moja kwa moja, kama USB Audio Player Pro. Mimi naitumia na Koss Porta Pro zangu za ohmu 60, nakaa barazani baada ya Isha, na sijaona haja ya kitu kikubwa zaidi.

Mama_Kasida (Lamu)

Naomba na sisi tusiosaidiwa tusikike. Mimi ni mtu wa kasida na mawaidha. Natumia iafoni za kuziba sikio, za ohmu 16. Ndugu yangu akaniletea amplifaya nzuri kutoka Dubai, kwa mapenzi kabisa, Mungu amlipe. Nilichokipata ni mvumo. Pale msomaji anaponyamaza kati ya mstari na mstari, penye kimya chote, nasikia "shhhh" ambayo kwenye simu tupu haipo. Sauti yenyewe haikuongezeka uzuri.

Kilichonisaidia ni vifuniko vya mpira vya kwenye ncha za iafoni. Nilibadilisha vile vilivyokuja navyo, nikaweka vikubwa kidogo vinavyoziba sikio sawasawa, na matwari yakarudi na uzito wake. Bezi yote ilikuwa inavujia pembeni. Wanawake wenzangu wenye masikio madogo, jaribuni na vile vidogo kabisa kabla hamjatoa pesa kwa kitu kingine.

Fundi_Redio_Barani (Malindi)

Mama Kasida amesema kweli, na kuna sababu. Iafoni kama zake zinataka umeme kidogo sana, kwa hiyo hata uchafu wa amplifaya, yaani ule mvumo, unasikika. Kuna jambo jingine: kila amplifaya ina ukinzani wake pale sauti inapotokea, nao hupimwa kwa ohmu, na kanuni tunayoifuata mafundi ni usizidi sehemu moja ya nane ya ohmu za hedifoni. Iafoni za ohmu 16 zinataka amplifaya isiyozidi ohmu 2. Ukizidisha, zile iafoni zenye spika ndogo ndogo nyingi ndani hubadilika sauti kabisa, treble (sauti nyembamba) inapanda au inazama bila mpangilio.

Sasa yangu. Mimi hutengeneza mwenyewe amplifaya inayoitwa CMoy, mchoro wa Chu Moy wa Marekani. Wenzetu kule huipanga ndani ya kopo la peremende za Altoids. Mimi natumia kopo lolote la bati lenye kifuniko kinachobana. Ndani mna betri ya volti 9, opampu moja ya OPA2134 (chipu ndogo ya kukuza sauti), rezista na kapasita chache, jeki mbili (matundu ya kuchomekea) na kitufe cha sauti. Betri inagawanywa katikati kwa rezista mbili ili opampu ipate volti nne na nusu kila upande. Huo ndio ujanja wote.

Mchoro wa asili unakuza mara 11. Kwa hedifoni za ohmu 250 au 300 ni sawa, lakini kwa iafoni ni balaa: ukigusa kitufe tu, sikio linalia. Mimi naweka rezista ya kilo-ohmu 2.2 mahali pa ile ya kilo-ohmu 1, ukuzaji unashuka mpaka karibu mara tano na nusu, na mvumo unapungua.

Lakini adui mkubwa wa vifaa hivi hapa kwetu ni bahari. Kusi ikivuma, chumvi inaingia hata kwenye droo iliyofungwa. Jeki inaota ukungu wa kijani, upande mmoja wa sauti unakatika, na mtu anaamini amplifaya imekufa. Nyingi ninazoletewa hazina ugonjwa isipokuwa huo. Chukua pamba kwenye kijiti, tia spiriti, futa pini ya hedifoni, kisha ichomeke na kuichomoa mara kadhaa huku kifaa kimezimwa. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe, vinanyonya unyevu; viweke pamoja na amplifaya.

Nahodha_Kijana (Shela, Lamu)

Mimi nasema kuhusu masikio, maana hapa naona tunafurahia nguvu tu. Nafanya kazi kwenye boti. Injini ya nje inanguruma mgongoni siku nzima, na wenzangu wanapandisha muziki kuishinda injini. Amplifaya inakupa uwezo huo, na ndiyo hatari yake. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Desibeli 12 alizozipata mwanzilishi ni nyingi sana mtu akizitumia kwa muziki wa kawaida ambao tayari umejaa.

Mzee wangu amefanya kazi ya injini maisha yake yote, leo ukitaka akusikie lazima umkabili usoni. Nawaomba wenzangu wa boti: tumieni za kuziba sikio mkiwa abiria, sauti iwe chini, na anayeshika usukani asivae kabisa.

Mgeni_wa_Mada (Watamu)

Na za Bluetooth je? Zinahitaji amplifaya?

Kichochoro_cha_Langoni (Lamu)

La, kaka. Zina amplifaya ndani yake tayari, na ukizitumia kwa Bluetooth hakuna pa kuingizia nyingine. Lakini kama una hedifoni nzuri ya waya na simu haina tundu, kuna vipokezi vidogo kama FiiO BTR5 au Qudelix 5K: unachomeka hedifoni humo, chenyewe kinaongea na simu kwa Bluetooth, na kina betri yake. Stima ikikatika jioni, chaji ya simu yako haiguswi na amplifaya. Adapta ya waya hunywa kutoka kwenye simu.

Mwanzilishi wa mada (Malindi)

Nahodha, nimekusikia, na nimeshaweka alama ya rangi kwenye kitufe changu nisiivuke nikisikiliza muziki wa siku hizi. Fundi, nina swali: nikiwa nahamisha kanda huku simu iko kwenye chaja, naanza kusikia mlio mwembamba kama wa mbu. Nikichomoa chaja unapotea. Ni amplifaya?

Fundi_Redio_Barani (Malindi)

Si amplifaya, ni umeme wa chaja unaopita kwenye waya wa ardhi na kuingia kwenye sauti. Kwa wanaotumia inveta za sola ni mbaya zaidi. Jaza chaji kwanza, kisha sikiliza kwa betri. Au nunua amplifaya yenye betri yake, uiunganishe na simu iliyochomolewa.

Mwanzilishi wa mada (Malindi)

Shukrani, fundi. Jumamosi nakuletea jeki moja iliyoanza kukatika upande wa kushoto. Mada iko wazi: mwenye Sennheiser HD 600 za ohmu 300 hajaongea bado, na nina hamu ya kujua kama CMoy ya betri moja inazitosha.