MREJESHO: Kitimoto na kifafa

Niliuliza kama kitimoto kisichoiva ndicho kinacholeta kifafa. Jibu: si moja kwa moja. Nyama yenye lava (mtoto wa mnyoo tegu) humpa mlaji tegu wa utumbo. Lava wa ubongoni, ndiye aletaye kifafa, hutokana na kumeza mayai yaliyotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe (hili wengi hawaliamini) anaweza kuugua. Lava hai mara nyingi hutulia kimya. Degedege huja anapokufa, kinga ya mwili ikivimbisha ubongo pale alipo. Ndiyo maana albendazoli (dawa ya kuua lava), miligramu 15 kwa kilo kwa siku, siku 10 hadi 14, hutanguliwa na steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe), na macho hukaguliwa kwanza, kwani lava anaweza kuwa humo pia. CT (picha ya ubongo) ikionyesha lava waliokufa na kugeuka chokaa tu, albendazoli haina kazi. Zinabaki dawa za kifafa.