Nachagua sana chakula na natakiwa kupunguza uzito. Nianzie wapi?

TongeMoja

Habari zenu wapendwa. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaniambia "kula mboga", maana hilo naambiwa tangu nikiwa na miaka mitano.

Nina miaka 34, urefu sentimita 168, uzito kilo 94. Mwezi uliopita nilipimwa presha ikakutwa imepanda. Daktari akasema nipunguze uzito kwanza, ya dawa tutayaona baadaye, akanipa karatasi ya vyakula. Vyakula 22. Ninavyoweza kumeza ni vinne.

Ninavyokula ni hivi: mkate mweupe, wali mweupe, viazi vya kukaanga, tambi bila kitu juu zaidi ya jibini, kuku kidari tu, mayai yaliyoiva kabisa, ndizi ambayo haijaanza madoa, tufaha lililomenywa, karoti mbichi. Na soda mbili kwa siku, kopo moja mchana, moja usiku. Hakuna kingine.

Siringi. Nyanya mbichi, ile sehemu ya katikati yenye mbegu na utelezi ikinigusa ulimi, koo linajifunga lenyewe. Kitunguu kilichopikwa kikalainika nakihisi hata kikiwa na ukubwa wa punje ya mchele. Maharage, lile ganda linavyopasuka halafu ndani ni unga, siwezi. Samaki nashindwa hata kukaa meza moja naye.

Nilijaribu kula saladi mchana na usiku. Nilifika siku ya nane. Siku ya tisa nilikaanga viazi nikavila nimesimama jikoni mpaka vikaisha, halafu nikalia. Kinachoniumiza zaidi ni mwanangu wa miaka mitano, ameanza kusukuma nyanya pembeni ya sahani kama mimi.

Je, mtu wa aina yangu anaweza kupungua bila kuwa mtu mwingine?

Kisu_Kikali

Dada, samahani, hayo ni mazoea ya kuendekezwa. Kaa na njaa siku mbili, hayo maharage utayala na utaomba mengine. Mwili ukikosa unapokea chochote.

DadaMkubwa

Kisu_Kikali, najua unataka kusaidia, lakini njia hiyo mimi nilifanyiwa. Nilikuwa na miaka kumi, niliwekewa kabichi ileile mchana, jioni na kesho yake asubuhi. Sikuila. Nilichojifunza ni kuiogopa meza ya chakula, na hofu hiyo ilinichukua miaka thelathini kuitoa.

Tena si kila kitu ni mazoea. Mwaka 1931 mkemia Mmarekani aitwaye Arthur Fox alikuwa anamimina unga wa kemikali fulani maabara, vumbi likaruka. Mwenzake akalalamika mdomo umejaa uchungu, Fox mwenyewe hakuhisi kitu. Baadaye ikajulikana kuwa uwezo wa kuonja uchungu ule unarithiwa. Kwa hiyo kabichi na brokoli zinaweza kuwa tamu kwako na chungu kwangu, na wote wawili tunasema kweli.

TongeMoja, mdogo wangu, mimi nina miaka 51. Nilitoka kilo 88 nikafika 71 kwa miezi 14, na mpaka leo sili brokoli. Jibu la swali lako ni ndiyo, unaweza.

Ulipoteleza ni hapa: ulijibebesha kazi mbili siku moja. Kupunguza uzito ni kazi. Kufundisha mdomo chakula kipya ni kazi nyingine kabisa, ya polepole, inayotaka mtu aliyeshiba na mwenye utulivu. Ulipofanya saladi iwe ndiyo mlo wako, kila tonge likawa mtihani, na ukishindwa unabaki na njaa. Mshika mbili moja humponyoka, na wewe zilikuponyoka zote mbili. Zitenganishe.

Tuanze na uzito. Huu utaupunguza kwa vyakula vyako hivyohivyo, usiongeze hata kimoja.

Soda. Kopo la mililita 330 lina sukari kama gramu 35. Mawili kwa siku ni 70, kwa wiki inakaribia nusu kilo. Hebu pima nusu kilo ya sukari uiweke mezani uitazame. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu anayekula kalori 2,000 ni gramu 50. Wewe unavuka kwa soda peke yake. Mimi niliacha ya mchana kwanza nikabaki na ya usiku kwa mwezi mzima, ndipo nikaanza kuichanganya na maji yenye gesi, nusu kwa nusu. Usikate zote siku moja, kichwa kitakuuma na hasira utazimalizia kwa watoto.

Viazi. Hapa naomba utulie nami, maana viazi ndivyo vilivyoniokoa. Kiazi chenyewe hakina ubaya. Gramu 100 za kiazi cha kuchemsha hazifiki kalori 90, zikikaangwa ndani ya mafuta mengi zinafika kama 300. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walilinganisha vyakula 38 kuona kipi kinashibisha zaidi kwa kiasi kilekile cha kalori. Kiazi cha kuchemsha kiliongoza vyote.

Sasa najua unachosema moyoni: cha kuchemsha kinalainika, hakina ule mvunjiko. Fanya hivi. Kata viazi nene kama kidole gumba. Chemsha dakika nane tu kwenye maji, mpaka kingo zianze kulegea lakini katikati bado kugumu. Mwaga maji, rudisha sufuria kwenye moto nusu dakika ili mvuke utoke, kisha funika na uitikise kwa nguvu. Ukifunua utaona kila kipande kimekwaruzika, kimejaa ungaunga pembeni. Ungaunga huo ndio utakaokauka na kuvunjika mdomoni. Nyunyiza kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kwa nusu kilo ya viazi, uchanganye kwa mkono. Oveni iwe na moto wa nyuzi 220 kabla hujaingiza, na vipande visigusane, vikigusana vinatoa jasho badala ya kukauka. Dakika 35 hadi 40, ukigeuza mara moja. Ukivitikisa kwenye trei viwe na sauti ya kugongana, kavu. Kama havilii, rudisha.

Kijiko hicho cha mafuta kina kalori kama 120, na ni cha trei nzima. Kwa kuwa gramu moja ya mafuta ina kalori 9 na gramu ya wanga au protini ina 4, mafuta ndiyo ya kupima kwa kijiko kila siku. Usimimine kwa macho.

Kuku na mayai, ongeza. Ndiyo, ongeza. Protini inakaa tumboni. Mimi nilikuwa nakula wali sahani nzima na kipande cha kuku juu, nikageuza: kuku nusu ya sahani, wali robo, karoti robo. Tambi vilevile, usizile peke yake, weka kuku uliyemchana nyembamba.

Halafu kitu ambacho nadhani hakuna aliyewahi kukwambia. Wataalamu wanataka gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, viazi havihesabiwi. Tufaha moja ni kama 150, ndizi moja iliyomenywa kama 100, karoti mbili za wastani kama 120. Ukila hivyo kila siku, na wewe unavila vyote, umefika 370. Umekuwa ukijiita mtu asiyekula mboga kumbe umebakiza karoti nusu! Kula karoti kabla ya mlo, wakati njaa ni kali na hakuna kingine mezani.

Mizani panda mara moja kwa wiki, asubuhi. Wiki ya kwanza inaweza kushuka sana, ni maji hayo: akiba ya wanga mwilini huhifadhiwa pamoja na maji, ikipungua nayo yanatoka. Baada ya hapo nusu kilo kwa wiki ni kazi nzuri mno.

Kazi ya pili ianze baada ya mwezi, tena nje ya mlo, saa kumi jioni ukiwa umeshiba. Kipande cha ukubwa wa nusu ya ukucha. Ruhusa ya kukitema uwe nayo tangu mwanzo, hiyo ruhusa ndiyo inayolegeza koo. Chagua jirani wa unachokipenda. Unapenda karoti mbichi, yaani kitu kigumu, kitamu, kinachovunjika, basi jirani yake ni tango lililotolewa mbegu au pilipili hoho nyekundu mbichi. Samaki yuko mbali sana, mwache. Na usihukumu mara ya kwanza. Kwa watoto imeonekana kuwa mara nane, kumi, hata kumi na tano ndipo mdomo unakubali, na mimi mtu mzima ilikuwa hivyohivyo. Nina daftari. Koliflawa, mara ya tatu: "nimetema". Mara ya sita: "ncha tu, ya kuoka, chumvi kidogo imekata uchungu". Mara ya kumi na moja: "nimekula vipande vinne, sikufikiri". Ya kuchemsha muda mrefu sikuiweza kamwe, kwa sababu jamii ya kabichi ikichemka sana inatoa ile harufu ya salfa.

Nyanya kwako tatizo ni mbegu na utelezi, si ladha. Jaribu kuipika, uisage, uichuje, kisha irudishe motoni mpaka iwe nzito. Uone kama koo litakataa.

Mhudumu_wa_Lishe

Nafanya kazi ya lishe. DadaMkubwa amesema mengi ya msingi, naongeza mambo mawili kwa sababu ya presha.

Chumvi. Lengo ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, pamoja na iliyomo ndani ya vyakula. Mkate na jibini ndivyo vinavyokuletea nyingi bila wewe kuiona. Jibini ikune badala ya kuikata vipande, inatapakaa na unatumia kidogo.

La pili, kuna watu ambao kukataa vyakula kunawafikisha pabaya: wanapungukiwa damu au vitamini, wanategemea virutubisho, au hawawezi kabisa kula mbele za watu. Tangu mwaka 2013 hali hiyo imo kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani kama ugonjwa wa ulaji, tofauti na ule wa kujinyima kwa kuogopa unene. Sisemi unao. Lakini ukirudi kupima presha, mwombe daktari apime na wingi wa damu, na umweleze lile la koo kujifunga kama ulivyotueleza hapa. Usione haya.

TongeMoja

Asanteni sana. DadaMkubwa, nimesoma maandishi yako mara mbili. Lile la gramu 370 nimemsomea mume wangu kwa sauti.

Naomba kuuliza kuhusu mtoto. Nikifanya mazoezi yangu ya saa kumi, nimfiche au nimwite?

DadaMkubwa

Usimfiche wala usimwite. Kaa mezani fanya yako. Akija akuulize unafanya nini, mwambie ukweli: "Mama anajifunza tango." Akitaka, mpe kipande, asipotaka, mwache. Nyanya zake ziendelee kuwekwa kwenye sahani, kidogo, bila neno. Asisifiwe kwa kula wala asinuniwe kwa kuacha. Na chonde, usimwahidi kitu kitamu akimaliza mboga, hapo utakuwa umemfundisha kuwa mboga ni adhabu.

TongeMoja

Nimerudi baada ya wiki tatu. Kilo 91.9. Soda imebaki ya usiku. Viazi vya kwanza niliviunguza, vya pili vilitoka vinalia kwenye trei kama ulivyosema, nikasimama pale nikivitikisa tu nivisikie.

Najua ulisema nisubiri mwezi ndiyo nionje vipya, ila nilishindwa kungoja. Tango nimelijaribu mara tano, mara nne nimetema. Nyanya ya kusaga nimeiweka kwenye tambi kijiko kimoja. Koo halikujifunga. Kilichonikwaza ni mbegu mbili tatu zilizopita, nikazihisi nikaacha. Dada, chujio lako lina matundu ya ukubwa gani?

DadaMkubwa

Madogo kabisa, tumia chujio la chai. Pitisha mara mbili, mara ya pili ikiwa ya moto, na usikandamize kwa kijiko, iache idondoke yenyewe. Kinachobaki juu tupa.