Kina Bi Mwanaesha Wote 🌴

Zubeda 7:12
Asalamu aleikum. Feisal kapewa karatasi na trafiki jana, njia panda ya kuingilia Shella ya Malindi. Eti hakusimama kwenye stop. Kibao chenyewe kimefunikwa na mwarobaini! Kotini ni Jumanne saa tatu.

Zubeda 7:15
Kwa kanuni za trafiki za 2016 asiyefuata kibao faini yake ni 3,000. Akikubali kosa, analipa yamekwisha. Mimi nasema AKANE. Akikana, upande wa mashtaka ndio ulete shahidi, na sisi tuje na picha.

Zubeda 7:40
Tiki za buluu naziona. Watu 23 mmesoma.

Swaleh 8:03
Ndooni Lamu 😂 Punda wangu hajapata karatasi tangu azaliwe

Salma 8:04
Atapata wapi na kutwa amelala 😂😂

Zubeda 8:10
Huu si mzaha. Omari, wewe uko karibu. Kapige picha kutoka kiti cha dereva, mita ishirini nyuma. Usiende chini ya kibao, hapo hata kipofu anakiona.

Omari 11:26
Dada nimepita pale saa nne. Nikaona ni hatari kwa watoto wa madrasa, nikapanda nikalikata lile tawi. Sasa kibao cheupee 👍

Zubeda 11:26
Umekata nini??

Zubeda 11:26
OMARI

Swaleh 11:28
Wakili wa serikali huyo 💀

Omari 11:31
Ujumbe nimeusoma nimeshashuka mtini

Khalati Amina 11:50
Majani msitupe. Mjukuu ana tetekuwanga, nataka ya kumwogesha.

Salma 12:05
Na gharama za kotini nani atatoa? Zile za mashua mpaka leo nadai.

Zubeda 12:06
Ya mashua tuliyamaliza Salma

Salma 12:09
Mliyamaliza nyinyi. Bangili niliuza mimi.

Feisal 13:50
Ndiyo natoka msikitini. Jamani mimi naona kulipa ni nafuu. Siku ya kotini tuktuk imelala, na kesi ikiahirishwa inalala tena. Mwenye tuktuk hesabu yake anaitaka jioni.

Zubeda 13:51
Si pesa, ni haki yako! Leo kibao, kesho watasema nini?

Ami Athmani 14:20
Feisal. Ulisimama?

Feisal 14:41
Nilipunguza mwendo ami

Ami Athmani 14:44
Sikukuuliza mwendo. Miaka sita unapita pale. Kibao umekuja kukitafuta leo?

Zubeda 16:55
Ami tumekusikia. Lakini tawi nalo lilikuwapo. Nani ana picha ya kabla Omari hajapanda? Siku ya harusi ya Rehema msafara ulikwama pale pale.

Rehema 17:30
Ninayo. Kibao chaonekana vizuri sana 🙈

Zubeda 17:30
Usiitume hapa

Swaleh 17:32
Tuma tuone bwana harusi alivyokuwa na nywele

Hassan 18:47
Nimetoka kazini sasa hivi, kuna nini? Nani amefungwa?

Feisal 19:15
Hakuna aliyefungwa. Jumanne nitakwenda. La kusema nitalijua nikifika.

Zubeda 19:16
Utalijuaje ukifika? Utakana au hukani?

Zubeda 19:38
Feisal?

Khalati Amina 20:02
Omari, majani?