Sauti Sol walipobadili sura, sisi mashabiki wa mwanzo tulipoteza nini?

Mwalimu wa Nakuru
Wanajukwaa, salaam. Naisikiliza Sauti Sol tangu albamu ya Mwanzo, wakati vijana hao wa Nairobi walipojulikana kwa gitaa tulivu na sauti zilizopangwa kama za kwaya. Nyumbani kwetu, ambako nyimbo za vijana hazikupigwa sebuleni, wazazi wangu waliikubali bendi hiyo pekee. Mwaka 2014 ikatoka video ya "Nishike", waimbaji wakiwa vifua wazi katika mapozi ya kimahaba, na baadhi ya vituo vya televisheni vikakataa kuionyesha. Nilikosa la kuwaambia wazee. Je, shabiki ana haki ya kuona kwamba ameachwa njiani, au sura ya msanii ni yake mwenyewe?

Bi. Mwanakombo
Mwalimu, nadhani kilichokuumiza ni ile dhamana uliyowawekea kwa wazazi, wala si vile vifua wazi. Shabiki wa bendi yenye sifa ya heshima hujifanya mdhamini wake bila kuombwa: huipeleka nyumbani na kanisani, huapa kwamba hawa si kama wengine, na siku bendi inapojivika sura nyingine ni yeye anayeulizwa maswali, ilhali hakushirikishwa katika uamuzi wowote. Uchungu huo ni wa kweli na sipendi watu wanavyoudharau. Hata hivyo, mwaka huohuo wa 2014 walitoa "Sura Yako", na mtindo wake wa lipala ukachezwa hadi Ikulu ya Nairobi mwezi Julai 2015, Rais Obama akiwa miongoni mwa wachezaji. Baadaye tukapata "Kuliko Jana", wimbo wa kumtukuza Mungu ambao hakuna mzazi angeuzima. Kwa hiyo sioni kwamba waliivua heshima. Walikataa tu kufungiwa ndani ya sura moja, na sisi tuliowapenda kwa ajili ya sura hiyo ndio tuliolazimika kuamua kama tuliupenda muziki au tulipenda kuonekana tunausikiliza.

Fundi Sauti
Tusisahau riziki. Mwishoni mwa 2014 walishinda tuzo ya MTV Ulaya ya msanii bora wa Afrika, na kufika huko wakiwa na mwonekano wa kwaya ya shule kungekuwa vigumu sana.

Msomaji wa Kisumu
Ninawaheshimu wakubwa walionitangulia, lakini mjadala huu unawahesabu mashabiki wa mwanzo peke yao. Mimi niliingia kupitia sura hiyohiyo mnayoilalamikia, nikarudi nyuma kuitafuta Mwanzo, na nikakuta sauti zilezile zikipangana kwa ustadi uleule. Walipotoa Midnight Train mwaka 2020 chini ya kampuni ya muziki ya Universal, nilisikia tena kwamba wamepotea, kana kwamba sisi tulioipenda albamu hiyo hatuna masikio. Baada ya tamasha lao la kuagana jijini Nairobi mwezi Novemba 2023, kila mmoja ameshika njia yake. Mwalimu, kuhusu wazee wako, ningewapigia "Kuliko Jana" kwanza, kisha nikawaeleza waziwazi kwamba waimbaji ni walewale wa "Nishike".