Mwenye leseni ya udereva ya daraja D aongeze lipi kwanza, E au C2?

Mkazi wa Pasua (Moshi)
Wakuu, habari za jioni. Nina leseni ya udereva ya daraja D, yaani ya magari yasiyo mazito wala ya abiria wa kulipia, huu ni mwaka wa nne, na gari ninaloendesha ni la nyumbani tu. Sasa nimepata milango miwili ya riziki: mjomba ana lori linalobeba ndizi na mahindi kutoka Himo, na rafiki yangu wa Arusha anataka nimwendeshee Land Cruiser ya watalii yenye viti saba. Fedha ya ada na ya shule ya udereva niliyo nayo inatosha kuongeza daraja moja. Nianze na E ya lori au C2 ya abiria? Aidha, shemeji yangu anakuja kutoka Marekani kwa wiki tano na anataka kuendesha mwenyewe, anahitaji nini?

Mzee wa Sakina
Kijana wangu, wengi hupima ukubwa wa gari, ilhali sheria huangalia unabeba nini na kama unalipwa kwa kukibeba. Daraja E linakuruhusu kuendesha magari yote isipokuwa pikipiki na magari ya kubeba abiria wa kulipia, kwa hiyo lori la mjomba limo, lakini Land Cruiser ya rafiki yako haimo, japo ni ndogo kuliko lori. Magari ya abiria yana ngazi zake: C3 ni abiria wasiozidi 4, C2 ni kuanzia 4 hadi 15, C1 ni 15 hadi 30, na C yenyewe ni 30 au zaidi, dereva hahesabiwi. Mimi nilijifunza hayo kwa aibu. Nilikuwa na Noah ya kukodishwa, nina D tupu, na pale Kikatiti askari aliigeuza kadi yangu, akaweka kidole juu ya ile herufi, kisha akawahesabu abiria mmoja mmoja kwa sauti. Walikuwa sita, na wote walishuka wakaniangalia.

Binti wa Kiboroloni
Mzee amesema kweli, ila mimi ningeanza na E. Daraja C la mabasi makubwa halitolewi mpaka ukae angalau miaka 3 na C1 au E, kwa hiyo E inakupa kazi ya lori leo na wakati huohuo inakuhesabia muda wa kuelekea kwenye basi. Watalii hupungua masika ya Aprili na Mei, wakati ndizi hazina msimu wa kupumzika.

Dereva wa Njiro
Siafikiani na binti kwa sehemu moja. Kama ndoto yake ni utalii, miaka ya lori haimfundishi kumbeba mgeni, na C2 ndiyo itakayomweka kwenye usukani anaoutaka. Lakini asilipie kwa ahadi ya mdomo. Amwombe rafiki mkataba kwanza. Pia ajue kwamba leseni peke yake haitoshi kwa gari la abiria la biashara, kwani LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, nayo huwapima na kuwathibitisha madereva.

Kuhusu shemeji: achukue leseni ya kimataifa huko kwao kabla ya kusafiri. Hudumu mwaka mmoja na haifanyi kazi bila leseni yake ya nyumbani, hivyo abebe zote mbili. Akivuka kwenda Zanzibar, kule wana kibali chao. Mumwambie pia kwamba sisi huendesha kushoto na kwamba kwenye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa, maana barabara ya Moshi hadi Arusha imejaa vijiji na trafiki. Angekuwa ndugu wa Kenya anayeingia kwa mpaka wa Holili, leseni yake ingetambuliwa kwa utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Mkazi wa Pasua (Moshi)
Asanteni sana. Nimempigia rafiki yangu, naye amekiri kwamba hana safari yoyote iliyothibitishwa hadi Juni, kwa hiyo naanza na E na lori la mjomba. Akija na mkataba, C2 itafuata. Shemeji anasema hajawahi kugusa gia za mkono, na gari langu ni la mkono. Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, tutatafuta uwanja mtupu.