Paka amekufa kwa parvo: nyumba ikae mwaka bila paka mwingine?

Mwenye mada
Wadau, tuseme paka wa nyumbani amekufa kwa parvo ya paka (panleukopenia): homa, kutapika, kuhara, siku chache tu kaondoka. Wako wanaosema usilete mwingine mpaka mwaka uishe. Huku masokoni watoto wa paka wanatupwa kila wiki. Nani yuko sahihi?

Mkaazi wa Pwani
Mwaka, bila mjadala. Virusi hivi havina ganda la mafuta, ndiyo maana sabuni na spiriti haviviui, na ndani ya nyumba vinaweza kudumu hadi mwaka. Vigae utavisafisha. Kochi la kitambaa je? Zulia? Uwanja wa udongo? Kumleta mtoto wa wiki nane humo ni kumpeleka kaburini, na uchungu wa kwanza hata haujapoa.

Bi Nyau
Ndugu yangu, hapo umemzungumzia mtoto asiye na chanjo. Mwaka ni wa huyo, si wa kila paka. Paka mkubwa aliyechanjwa dozi mbili, zikipishana wiki tatu hadi nne, kisha akasubiri wiki mbili nyingine kinga ikomae, anaweza kuingia nyumba ile ile ikishasafishwa. Na wakubwa ndio wasiotakiwa na watu, wanazeekea mitaroni.

Shida ni usafishaji. Wengi humwaga jiki juu ya uchafu, na uchafu unaimaliza nguvu kabla haijavigusa virusi. Osha kwa sabuni kwanza, suuza, ndipo upake jiki. Soma nguvu ya jiki (sodium hypochlorite) kwenye chupa: ikiwa ni asilimia 3.5, mililita 50 kwa lita moja ya maji; ikiwa 5, mililita 35 zinatosha. Sakafu ibaki imelowa dakika 10, halafu suuza tena. Fungua madirisha, na usiimwage juu ya mkojo wa paka, mvuke wake unaumiza mapafu. Sanduku la mchanga, matandiko na kamba za kuchezea tupa. Dawa zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini ziache kabisa; ni sumu kwa paka akijilamba miguu.

Mkaazi wa Pwani
Udongo wa uwanjani hujaujibu, Bi Nyau.

Bi Nyau
Kweli, udongo hausafishiki kwa jiki. Paka akae ndani. Nyumba isiyoweza kumzuia ndani, hapo nakubaliana nawe, wasubiri.

Msaidizi wa Kliniki
Mnabishana juu ya parvo tu, na watu watasoma hapa wakadhani kila kifo kinadai mwaka. Ulizeni kwanza kilichomuua. Figo haziambukizi. Virusi vya leukemia (saratani ya damu) ya paka hufa upesi vikikauka, kwa hiyo nyumba si tatizo. Tatizo ni paka wengine waliokuwa wakilamba naye sahani moja. Hao wapimwe damu kabla mgeni hajaingia. Mgeni naye apimwe, kisha arudiwe baada ya siku 30 au zaidi, kwa sababu maambukizi mapya hayaonekani mapema.

Kwa mtoto wa paka, dozi moja haitoshi. Kinga aliyonyonya kwa mama huizuia chanjo isishike, na hakuna ajuaye itaisha lini kwa kila mmoja. Ndiyo maana huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Wanaokufa "wakiwa wamechanjwa" wengi waliishia dozi ya kwanza.

Mwenye mada
Na kama nyumbani yupo paka aliyebaki, amenyong'onyea?

Msaidizi wa Kliniki
Usimletee mwenzake ili kumliwaza wiki hiyo hiyo. Paka aliyekaa na mgonjwa wa parvo anaweza kuwa anatoa virusi kwenye kinyesi wiki kadhaa, hata akionekana mzima. Akigoma kula siku mbili, kliniki. Ini lake huanza kujaa mafuta.